Kandambili Kwenye Droo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku kubwa! Naandika tarehe kwa mwandiko safi ili wajukuu waje wajue ilikuwa lini.

Asubuhi baba mkwe ametukusanya gerejini. Muzee Jean-Baptiste, fundi wa kwanza hapa mtaani Nyalukemba, Bukavu, miaka arobaini chini ya magari ya watu. Amesema mwili umechoka. Wiki ijayo anarudi kwao Katana kupumzika. Jumamosi, tukishatoka salongo, kabla jasho la kufagia mtaa halijakauka, atamtaja mtu wa kumwachia gereji. Gereji yote! Banda, meza ya kazi, shimo la kuingilia chini ya gari, hata jina lililoandikwa ukutani.

Wa kutajwa ni wawili tu. Zagabe, mpwa wake, fundi. Na mimi Benoît, mume wa binti yake Nsimire, mtunza vifaa. Zagabe ana mikono. Mimi nina kichwa. Nimekaa kwenye dirisha la vifaa miaka kumi na moja, nagawa spana asubuhi, napokea spana jioni. Nina miaka arobaini na saba. Nikiikosa hii, nitazikwa kama mtu aliyekuwa anagawa spana. Hata padri atakosa la kusema.

Kwa hiyo, mpango. Nimeona video kwenye simu. Mzungu mmoja anafungua droo, na kila spana imelala mahali pake, kuanzia ndogo hadi kubwa, safi kabisa. Nimeitazama mara tisa. Kisha nikafungua droo ya spana za Muzee, ile ya meza ya kazi. Aibu! Spana zaidi ya arobaini, chungu nzima, pamoja na kitambaa cha oili, misumari iliyopinda na rozari iliyokatika. Na bado Muzee huingiza mkono humo bila kutazama, akatoa ile ile anayoitaka, wateja wakabaki midomo wazi. Mimi sishangai. Hizo ni mbwembwe za wazee tu.

Nitampangia droo yake. Kwa vitu vya bure. Jumamosi ataifungua, ataona, atalitaja jina langu.

Jioni nimemweleza Nsimire. Ameacha kumenya ndizi. Ameniambia, "Papa Ornella, usiguse iyo tiroir ya papa." Nimeuliza kwa nini nisiguse droo. Amesema nisiguse tu. Hiyo si sababu! Tena yeye mwenyewe ni wa kulaumiwa. Kila jioni ndiye anayebaki kufunga gereji, na nimemwona kwa macho yangu akirudisha spana kwenye droo moja huku, moja kule, kama mtu anayepanda maharage. Nimemwambia hivyo. Amekata ndizi vipande vidogo sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Sponji! Nimelala nikiwaza sponji, na nilikuwa nimeilalia.

Nimekata kipande cha godoro. Upande wangu, sehemu ya miguu. Nani anahitaji godoro miguuni? Kwa wembe nikachonga vitanda, kila spana na kitanda chake. Saa mbili asubuhi droo ilikuwa tayari. Nilisimama mbele yake kimya, kwa heshima, nikimsubiri Muzee. Akaingia. Nikampungia mkono. Nikatabasamu. Akapita hatua moja kutoka kwangu bila kunisalimia.

Hakunisalimia! Lakini Zagabe, ambaye alikuwa anaimba chini ya minibasi ya masista, kasalimiwa kwa jina, kaulizwa habari za watoto. Nimegundua siri. Zagabe anasalimiwa kwa sababu ana kelele. Mtu mwenye adabu hapati kitu katika nchi hii.

Baadaye Sista Emérence ameleta karatasi ya mambo ya kutengeneza kwenye minibasi yake. Muzee ameipokea, kaigeuza, kamwita Nsimire aisome kwa sauti. Amesema miwani imebaki nyumbani. Miwani hiyo imebaki nyumbani tangu Pasaka. Mkubwa ni mkubwa, hasomi, anasomewa. Nikiwa mkubwa nami nitasomewa.

Mchana, msiba. Sponji inakunywa oili kama mlevi na pombe ya kasiksi. Spana zote zimezama. Zagabe ameinua sponji, kaikamua, katoa nusu kikombe cha oili, kauliza mbele ya wateja kama nafungua kituo cha mafuta. Watu wamecheka hadi wakashika kuta. Muzee ameingiza mkono kwenye droo, kautoa unachuruzika, kaupangusa polepole. Kakaa kwenye kiti chake hadi jioni.

Nsimire amebaki kufunga. Kuzirudisha spana kwenye vurugu yake ya zamani kumemchukua saa nzima! Vurugu ni kazi ya dakika moja. Nimemsubiri nje mvuani, na usiku huu miguu yangu italala juu ya mbao.

Jumatano, 9 Oktoba

Sikati tamaa. Mvumilivu hula mbivu.

Leo katoni na gundi ya unga wa muhogo. Nimelowesha katoni, nimezifinyanga juu ya kila spana, nimezikausha karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Zimetoka ngumu kama sahani. Ornella, binti yangu, ameuliza mbona leo hakuna bugali. Nimemwambia akili ni bora kuliko tumbo. Ana miaka kumi na miwili, hajaelewa.

Zikabaki namba. Hapa hakuna anayesema spana. Tunasema clé, na namba zote zinaitwa kwa Kifaransa, kama zilivyokuja na magari yenyewe. Lakini namba zilizochongwa kwenye spana za Muzee zimefutika zamani, chuma kimelambwa na mikono. Anayezijua bado ni fundi peke yake, kwa kupapasa. Nikameza mate machungu, nikamwendea Zagabe. Alikuwa shimoni, chini ya minibasi. Nikampitishia moja moja. Yeye anapapasa, anataja namba. Mimi naandika kwenye karatasi ya gundi na kubandika. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Kazi nzuri ya watu wawili wastaarabu. Nikakaribia kumpenda.

Bahati ikanisimamia. Leo Nsimire ana mazoezi ya kwaya. Nimemwambia aende mapema, mimi nitafunga. Amenitazama sana. Amesema, "Clés uziache vile ziko." Nimesema ndiyo. Ndiyo ina maana nyingi.

Sasa spana zote zimelala kwenye vitanda vyao vya katoni. Nimefunga droo kwa upole. Kesho!

Alhamisi, 10 Oktoba

Panya.

Siwezi kuandika zaidi.

Baadaye. Nimekunywa chai, naandika. Panya wamekula vitanda vyote. Muhogo wangu! Wameacha unga unga, mavi, na spana zenye karatasi za namba. Muzee amewahi kufika kabla yangu. Nimemkuta ameingiza mkono hadi kiwiko, uso umekunjamana. Ametoa mkono, kaunusa, kauliza taratibu ni nani aliyefunga jana. Nimesema nadhani ni upepo. Hata mimi sikuelewa jibu hilo.

Haijaisha. Zagabe amechukua spana iliyoandikwa kumi na sita kwa ajili ya nati ya kumi na sita. Haikuingia. Kachukua ile ya kumi na tatu kwa nati ya kumi na tatu. Ikazunguka hewani, na ngumi yake ikagonga chuma. Katoka shimoni ananyonya vidole. Kasoma karatasi. Kasoma nyingine. Kisha kacheka hadi akakaa chini.

Treize na seize! Kumi na tatu na kumi na sita! Yeye shimoni anasema treize, mimi juu, jenereta inanguruma, nasikia seize. Naye akisema seize, nasikia treize. Spana nane zimebandikwa jina la mwenzake. Nani aliyezitunga namba hizi zifanane hivyo? Kwa nini mimi ndiye niteseke kwa ajili ya Wafaransa?

Tangu saa nne naitwa Papa Seize. Muuza mikate ameniita Papa Seize. Mama anayeuza vocha za simu pale njia panda kaniuliza, "Papa Seize, unataka unités ya treize ao ya seize?" Sijawahi kuongea na mama huyo maishani mwangu.

Nsimire hakula mchana. Amekaa mbele ya droo, anafuta kila spana, anaiweka, anaitoa, anaiweka tena sentimita mbili kando. Muzee yuko karibu naye kwenye kiti. Wameongea Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Nilipokaribia wamenyamaza. Najua walikuwa wanamtaja Zagabe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mungu yupo, na ameleta mvua.

Mvua ya jana imefagia kila kitu kutoka milimani hadi ziwani. Asubuhi nimeshuka ufukweni kutuliza moyo. Nikaona kandambili. Zinaelea! Nyekundu, bluu, za kijani, soli nene za mpira. Mpira haunywi oili. Panya hali mpira. Kwa wembe unapasua soli kidogo, spana inajichomeka, inakaa imara, haitikisiki. Kandambili moja inabeba spana nne. Nahitaji kumi na moja. Nimekaa juu ya jiwe nikacheka peke yangu, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakasogeza mtumbwi wao mbali.

Nimeokota saba. Zote za mguu wa kushoto. Ziwa Kivu lina mambo yake.

Zilizobaki nimezipata nyumbani. Mbili zangu. Moja ya Ornella. Moja ya Nsimire, ile ya maua anayovaa akitoka kuoga siku za Jumapili. Ataelewa. Mke wa mkubwa wa gereji atavaa viatu vya ngozi.

Namba nimezipiga upya kwa rangi nyekundu, kubwa, zinaonekana kutoka barabarani. Safari hii nilimwambia Zagabe asitumie Kifaransa, ataje kwa Kiswahili. Amenishangaa. Kaniuliza, "Nani anajua izo namba mu Swahili?" Ikabidi ahesabu kwa vidole, kumi, kisha viwili, kisha vitatu. Akapotea kwenye kumi na saba, tukaanza upya. Lakini kila moja ni sahihi. Nimehakikisha mara tatu kwa nati. Hakuna mtu mwenye macho atakayekosea tena katika gereji ile.

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya vifaa, na stoo ina mlango wa ndani hadi kwenye meza ya Muzee. Kesho alfajiri, kabla ya salongo, naingia.

Muzee amepita tena bila kunisalimia. Sijali. Kesho atanitazama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeketi ukingoni mwa kitanda. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi kila kitu kilienda sawa. Droo iling'aa. Kandambili kumi na moja kwa mistari miwili, spana zimesimama kama watoto wa shule. Kitambaa cha oili nilikitupa. Misumari nilitupa. Rozari niliitundika ukutani kwa heshima. Tukafagia mtaa, tukazibua mfereji. Saa nne watu wote wakaja gerejini, majirani, wateja, nusu ya kwaya. Sista Emérence alikuja kuchukua minibasi yake, kwa sababu mchana alikuwa anapeleka masista Kalehe.

Muzee ana desturi yake. Gari halitoki gerejini bila yeye mwenyewe kukaza nati ya mwisho. Zagabe anaiacha moja kwa makusudi. Muzee anachukua clé, anakaza, anafanya ishara ya msalaba juu ya boneti, anasema nendeni na amani. Madereva wa Bukavu wanaamini nati hiyo kuliko bima. Leo ilikuwa ya mwisho ya maisha yake, kila mtu alilijua hilo, watu wakavua kofia.

Akaenda mezani. Akavuta droo. Nikasimama karibu, kifua mbele.

Mkono wake ukaingia kona ya kushoto, kama siku zote. Ukagusa kandambili. Ukasimama. Ukaenda katikati, kandambili. Ukaenda kulia. Uso wake ulikuwa unatazama ukuta, hautazami droo. Akavuta, ikatoka kandambili nzima, ile ya maua ya mke wangu, na spana nne zinaning'inia. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Muzee akaipapasa pande zote kama mtu aliyeokota kitu njiani gizani. Nikaona Nsimire anasukuma watu, anakuja. Nami sikutaka aniharibie.

Nikasema kwa sauti, nikidhani ni wakati wangu, kwamba Papa asome tu, namba ziko nyekundu.

Akachomoa spana moja. Akaenda kwenye gurudumu. Akaiweka kwenye nati, ikazunguka bure. Akarudi, akapapasa, akachukua nyingine. Ikateleza, akachubuka vidole, damu ikatoka. Sasa hakuna aliyecheka. Nikaona aibu kwa ajili yangu, si kwa ajili yake, Mungu anisamehe. Nikasema mbele ya mtaa mzima kwamba hata mtoto mwenye macho anaona ile ni ya kumi na saba!

Muzee akakaa kwenye ngazi ya minibasi. Akafuta damu kwenye suruali. Akageuka upande wa sauti yangu, lakini hakunipata, alimtazama Zagabe. Akasema, "Mimi siko naona, Benoît. Tangu Pasaka siko naona kitu."

Nimeisikia sentensi hiyo siku nzima. Hata sasa naisikia.

Sista Emérence akapiga magoti, akafunga vidole vyake kwa leso. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia. Zagabe, ambaye hanyamazi hata akiwa kanisani, akachukua spana sahihi bila utani, akaiweka mkononi mwa Muzee, akamwongoza mkono hadi kwenye nati. Muzee akakaza. Akafanya ishara ya msalaba. Hewani, pembeni kidogo ya boneti.

Kisha akasema hakuna haja ya kungoja. Gereji anamwachia Nsimire. "Ni yeye anajua fasi ya kila clé." Zagabe atakuwa fundi mkuu chini yake. Watu wakaitikia. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Na mimi? Muzee akafikiri. Akasema Benoît atamsindikiza Katana, atakaa naye hadi azoee, kwa sababu Benoît ana nguvu za kubeba mizigo.

Miaka kumi na moja.

Jumapili, 13 Oktoba

Tarehe kumi na tatu. Treize. Hata kalenda inanicheka.

Misa ya kwanza. Benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi. Nsimire alikaa na baba yake upande wa pili, amevaa kiatu kimoja cha harusi na kandambili moja ya maua. Kwa makusudi, ili watu waone.

Nyumbani ameongea. Afadhali angenipiga. Tangu Pasaka yeye tu ndiye aliyejua. Kila jioni alikuwa anabaki kupanga droo. Kupanga! Treize kona ya kushoto chini ya kitambaa, dix, ile ya kumi, juu ya msumari uliopinda, dix-sept, ya kumi na saba, karibu na rozari. Kila kitu kilikuwa alama ya mkono wa Muzee. Ile vurugu niliyoitupa ilikuwa macho yake. Alitaka amalize kazi yake kama fundi, aondoke kama fundi, bila mtu kumwonea huruma. Nilipoanza mpango wangu zilikuwa zimebaki siku sita tu.

Nikasema kwa uchungu mbona hakuniambia mimi, mume wake. Akajibu, "Nikuambie weye? Kinywa yako ni redio." Akanikumbusha kwamba mimba ya Ornella niliitangaza kwenye kwaya kabla yeye mwenyewe hajawa na hakika. Ilikuwa furaha tu.

Nimejifungia chooni nikalia. Nimelia kwa ajili ya Muzee, na kwa ajili yangu, na sikuweza kutenganisha machozi ni ya nani. Kwamba alipita pembeni yangu siku zile zote, na mimi nilikuwa nimesimama kimya nikitabasamu! Kama ningesema tu habari za asubuhi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeenda kuomba msamaha. Kwetu mkwe haendi mikono mitupu, nimebeba bidoni ya kasiksi. Nimepiga magoti mlangoni. Kisha nikakumbuka haoni, nikamwambia kwa sauti kwamba nimepiga magoti.

Amecheka. Kaniambia niinuke, magoti ya miaka arobaini na saba hayana vipuri. Tumekunywa. Ameniomba nimweleze droo niliyoitengeneza, moja moja. Nikamweleza sponji, muhogo, panya, kandambili za mguu wa kushoto. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Tiroir yako ilikuwa muzuri, mutoto yangu. Lakini ilikuwa ya mutu mwenye kuona."

Akanieleza. Kipofu hana haja ya usafi. Haja yake ni kitu kibaki pale kilipokuwa jana. Basi. Akiweka kikombe hapa, akikute hapa.

Nimeelewa. Nimeelewa kabisa, hadi kwenye mifupa. Nimemshika mkono nikamwapia hivyo. Kesho tunapanda boti.

Jumatano, 16 Oktoba. Katana

Tumefika jana salama. Hewa nzuri. Asubuhi hii jirani yake, Papa Ignace, amemchukua Muzee kwenda kuonyesha macho hospitalini. Hawatarudi kabla ya saa nane. Nsimire amepiga simu, ameniuliza mambo yanaendaje, sauti kavu. Nikajibu yanaenda. Akasema nimtunze baba yake vizuri, halafu ataona kama kuna kazi yangu gerejini. Ataona! Amesema ataona!

Kwa hiyo nimeangalia nyumba. Maskini Muzee. Anaishi kwenye vurugu ya ajabu. Redio iko sakafuni karibu na mguu wa kitanda. Kiti kiko katikati ya chumba, mtu anakipiga teke. Ndoo ya maji iko pale pale mlangoni. Dawa zake ziko dirishani, moja nyuma ya nyingine. Na uani kuna kamba imefungwa kutoka mlangoni hadi chooni, kwenye kimo cha kiuno, haina hata nguo moja juu yake. Papa Ignace ameifunga wiki iliyopita, eti Nsimire ndiye aliyemwomba. Kamba nzuri hivyo, inapoteza muda.

Hapa nimetumia akili. Droo ilikuwa kosa kwa sababu ilikuwa droo. Nyumba ni jambo jingine. Mtu akiwa haoni, ndiyo sababu zaidi ya kumpangia vizuri.

Saa sita. Nimemaliza! Kiti nimekisogeza ukutani. Redio iko juu ya kabati. Dawa nimezipanga kwa urefu, ndogo hadi kubwa, ndani ya katoni yenye vyumba sita, na gundi safari hii nimenunua ya dukani, panya hawaigusi. Ndoo iko nyuma ya nyumba. Kamba nimeifungua, nimefungia rafu mpya ya kuwekea kandambili zake juu ya kitanda chake. Nsimire akija kuona, atanirudisha gerejini siku hiyo hiyo, na Zagabe ataomba radhi.

Nawasikia wanakuja njiani, mapema kuliko nilivyodhani. Muzee anacheka, amefurahi. Nimefungua mlango wazi kabisa ili aingie mwenyewe. Fimbo yake ya akiba nimeitundika juu ukutani, mahali inapoonekana vizuri.